Ordinatere ilifunguka tupu: namna tulihamisha vitabu vya koperative kwenye akaunti mpya

Ilikuwa siku ya kupima mahindi, mwezi wa tatu, wakati mavuno ya msimu wa A yanaanza kuingia Kamina kwa kinga, kwa kichwa na kwa kamiyo. Mbele ya depo watu walikuwa wamekwisha panga magunia. Nilikuwa ningali njiani wakati simu ililia. Alikuwa Mama Sekretere.

"Agronome, kuya mbiyo. Masini inafunguka, lakini mule ndani hamuna kitu."

Nilipofika nilikuta ni kweli. Aliandika neno la siri kama siku zote, ordinatere ikakubali, lakini picha ya shamba aliyoiweka mwenyewe haikuwepo. Dosie ya WANACHAMA haikuwepo. Fishi ya MADENI haikuwepo. Palikuwa na kapu la takataka peke yake, pembeni, juu ya rangi ya bluu. Mashine ilikuwa kama ile siku ilipotoka dukani.

Ninyi mnaosoma hii mnajua maana ya kupoteza fishi ya madeni katika mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi kila mwanachama alichukua mbegu, NPK na urea kwa deni, na wakati wa mavuno analipa kwa magunia. Wengine wamekwisha lipa nusu. Wengine hawajaleta hata kilo moja. Bila ile fishi, aliyelipa anaweza kuombwa mara ya pili, na asiyelipa anaweza kusema amemaliza. Tena habari haikukaa ndani ya biro. Kwa dakika kidogo tu ilitoka hadi kwenye mizani, na pale ikabadilika: eti komite imefuta madeni ya wenyewe. Papa mmoja, mwenye umri wa baba yangu, alisema bila kupandisha sauti:

"Masini haikulaka mihindi. Muntu njo anakulaka."

Sikuwa na jibu. Kwa upande mmoja alikuwa na haki. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ile iliyopitishwa Lomé mwezi wa 12 mwaka 2010 na ambayo Kongo yetu iliingia ndani yake mwaka 2012, inaomba kila koperative iwe na rejista ya wanachama kwenye makao yake. Kusema "ordinatere imekataa" si jibu mbele ya mwanachama, wala mbele ya mutu wa serikali.

Mimi nilisoma agronomia, sikusoma informatiki. Lakini nina rafiki Lubumbashi anayetengeneza mashine, na siku ile alinishika mkono kwa simu tangu asubuhi mpaka karibu saa kumi, krediti ikiisha tunaongeza. Ninaandika hapa yale tuliyofanya, pamoja na makosa yetu, kwa sababu tangu siku ile koperative nyingine mbili zimeniuliza jambo hilohilo, na moja ilikuwa imekwisha futa kila kitu kabla ya kuniuliza.

Kwanza, nini kilitokea. Umeme wetu unatoka kwenye pano za jua na batri iliyozeeka. Ordinatere yenyewe ni ya kubeba, lakini batri yake ya ndani ilikufa zamani. Kwa hiyo moto ukikatika, mashine inazimika palepale kama taa. Juma lile ilizimika hivyo mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa jioni, wakati Mama Sekretere anaandika vipimo.

Windows inampa kila mtumiaji nyumba yake ndani ya mashine. Hiyo nyumba ndiyo inayoitwa profili. Ndani yake mnakaa vitu vya aina mbili. Kuna mali yako: fishi, picha, barua. Na kuna kitabu cha mwenye nyumba, fishi moja iliyofichwa inayoitwa NTUSER.DAT, ambayo ordinatere inaisoma kila unapoingia ili ijue wewe ni nani, unapenda picha gani, imprimante yako ni ipi. Mashine inaandika mara kwa mara ndani ya kitabu hicho. Ikizimwa kwa ghafula katikati ya kuandika, ukurasa unaweza kuharibika. Kesho yake ordinatere inajaribu kukisoma, inashindwa, na badala ya kukufungulia nyumba yako inakupeleka kwenye nyumba ya kuazima, tupu, ya siku moja.

Hilo ndilo neno ambalo ningetaka kila sekretere alishike: nyumba ikiwa tupu, mali haijaibiwa. Umeingizwa nyumba nyingine. Mali ingali palepale kwenye diske, mlango wake tu ndio umeharibika.

Sasa kosa letu la kwanza. Wakati ordinatere ilipofunguka, ujumbe wa Kifaransa ulitokea kwenye ekrani kusema kwamba haiwezi kuingia kwenye akaunti. Ujumbe wa namna hii unaonya pia kwamba kazi utakayofanya humo itafutwa ukitoka. Mama Sekretere aliona watu wanangoja, akafunga ujumbe bila kuusoma, akafungua fishi mpya, akaanza kuandika vipimo vya asubuhi. Aliandika kurasa tatu za kaye. Kisha akafikiri, kama sisi wote tungefikiri, kwamba akizima na kuwasha tena mambo yatarudi. Alizima. Zile kurasa tatu zikaenda, na hizo ndizo kazi pekee tulizopoteza kabisa siku ile. Bahati njema alikuwa amezinakili kutoka kwenye kaye ya mpima mizani, na kaye ilikuwepo. (Wale wanaosema kaye imepitwa na wakati, ningependa waje wakae na sisi Kamina majuma mawili ya mvua.)

Kuwasha tena si kosa lenyewe. Mara nyingine ukizima vizuri na kuwasha mara moja au mbili, profili inarudi, na hapo unashukuru Mungu na kunakili vitu vyako siku hiyohiyo. Kosa ni kufanya kazi ndani ya nyumba ya kuazima.

Kosa la pili tulikuwa karibu kulifanya. Papa Prezida aliita kijana mmoja wa mjini anayejua mashine. Kijana alitazama, akasema ni kazi ya saa moja: "Tutafanya formataje, itakuwa mupya." Alisema kweli, ingekuwa mpya. Ingekuwa mpya kama shamba lililochomwa moto pamoja na ghala. Kufanya formataje ni kufuta diske yote na kupanda Windows upya. Kwa mashine ya kuchezea muziki hakuna shida. Kwa mashine yenye madeni ya msimu mzima, ni hapana. Sitaki kumsema vibaya kijana yule, aliulizwa kutengeneza mashine na alijibu juu ya mashine. Hakuna aliyemwambia kwamba tulichokuwa tunataka ni fishi. Kwa hiyo mkimwita fundi, semeni kwanza, mbele ya mashahidi: "Usifute kitu. Nakili kwanza."

Kwa walimaji wenzangu nilieleza hivi, na walielewa haraka kuliko mimi nilivyomwelewa rafiki yangu. Shamba la muhogo likishikwa na mozaiki, hutengenezi majani. Unatayarisha shamba jipya, unachagua vijiti vya miti yenye majani safi, unavipeleka, na kijiti kigonjwa unakiacha nyuma, maana ukikibeba umebeba ugonjwa. Hapa pia tutafungua akaunti mpya, tutabeba mali iliyo nzima, na ile NTUSER.DAT hatutaigusa.

Kazi yenyewe sasa. Kabla ya yote tulitafuta kama mali iko. Ndani ya "Disque local (C:)" kuna dosie inayoitwa "Utilisateurs". Tuliifungua tukakuta dosie tatu: moja inaitwa TEMP, hiyo ndiyo nyumba ya kuazima, moja "Public", na ya tatu ilikuwa na jina la sekretere wetu wa zamani, aliyefungua akaunti miaka ile kwa jina lake mwenyewe. Tulibonyeza hiyo ya tatu kwa kitufe cha kulia cha suri, tukachagua "Propriétés". Ordinatere ilihesabu, ikahesabu, ikapita giga moja. Mama Sekretere alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema "Biko! Bintu biko mule!" Sauti yake ilifika nje mpaka kwenye mizani, na nafikiri ile sauti ilisaidia kuliko maelezo yangu yote.

Tuliingia ndani. "Bureau", "Documents", "Téléchargements", "Images", zote zilikuwepo, na fishi ya MADENI ilikuwa ndani ya "Documents". Kumbe ile aliyokuwa anaibonyeza kila siku kwenye ekrani ilikuwa alama tu, njia ya mkato inayoelekeza kwenye fishi, fishi yenyewe inakaa mahali pengine. Angalieni sana hapo. Kuna watu wanabeba alama kwenye flashi, wanafika nyumbani, hakuna kitu kinafunguka. Alama ina mshale mdogo pembeni.

Palepale, kabla ya kufungua akaunti yoyote, tulichomeka flashi na kunakili dosie hizo nne. Flashi iko nje ya nyumba ya kuazima, kwa hiyo kinachoandikwa humo hakifutwi ukitoka. Tulinakili, hatukukata. Ukikata na moto ukakatika katikati, unaweza kubaki bila kitu huku wala kule. Na kwa siku ile tulikopa gurupu ya jirani na kuiwasha muda wote wa kazi, esanse tuligawana.

Ndipo tukafungua akaunti mpya. Kwenye Windows 10 unapita "Paramètres", kisha "Comptes", kisha "Famille et autres utilisateurs", na pale unaongeza mtumiaji mwingine wa mashine hii. Kama intaneti iko, ordinatere itakuomba anwani ya barua-pepe; unaweza kukataa na kuchagua akaunti isiyo ya Microsoft. Sisi hatukuwa na intaneti, ikatupeleka moja kwa moja kwenye akaunti ya hapahapa. Baada ya kuifungua tuliibonyeza tena na kubadilisha aina yake iwe "Administrateur", kwa sababu bila uwezo huo isingeruhusiwa kuingia kwenye nyumba ya zamani. Jina tuliloipa ni DEPO. Halikuwa jina la mtu. Sekretere anabadilika, depo inabaki.

Tukazima vizuri, tukawasha, tukaingia kwa DEPO. Mara ya kwanza inachukua muda, inajenga nyumba, acheni imalize. Tukarudi "Utilisateurs", tukabonyeza dosie ya zamani. Ordinatere ilisema hatuna ruhusa, na chini yake ikaweka "Continuer". Tulibonyeza hapo, tukangoja, ikafungua.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea kwa haraka. Wanachukua nyumba yote ya zamani, kuta na milango, wanaimwaga juu ya mpya. Usifanye hivyo. Fungua "Documents" ya zamani, chagua vilivyo ndani, nakili, vibandike kwenye "Documents" mpya. Kisha "Bureau", kisha nyingine, moja baada ya moja. Fishi zote ambazo majina yake yanaanza na NTUSER unaziacha pale zilipo. Kila tulipomaliza dosie moja, tulilinganisha kwa "Propriétés" hesabu ya fishi za zamani na za mpya. Kwenye "Images" hesabu hazikukubaliana, fishi mbili zilikosekana. Zilikuwa picha za arusi. Mama Sekretere alisema tuziache, halafu akabadilisha mawazo, tukazirudia.

Jambo moja lilitupa furaha ambayo hatukuitegemea. Vipimo vya jioni, vile alivyokuwa anaandika wakati moto ulipokatika, hatukuviona ndani ya fishi yake. Rafiki wa Lubumbashi alituambia tufungue "Affichage" na kuweka alama kwenye "Éléments masqués", ili dosie zilizofichwa zionekane. Ikatokea dosie inayoitwa AppData. Ndani yake, kwa kufuata Roaming, Microsoft, kisha Excel, palikuwa na nakala ambayo Excel inajiwekea yenyewe kila baada ya dakika chache. Tuliifungua: mistari yote ilikuwepo isipokuwa minne ya mwisho. Hiyo minne tuliitoa kwenye kaye. AppData nyingine yote hatukuibeba, maana humo mipangilio ya zamani imechanganyika na takataka.

Programu hazikuhitaji kuhamishwa. Excel na Word zinakaa nje ya nyumba za watumiaji, na akaunti mpya ilizikuta. Imprimante ilibidi tuichague upya. Picha ya shamba ilirudishwa kwa mkono.

Maneno ya siri ya intaneti hayakuja. Yale ambayo mashine ilikuwa inayakumbuka yenyewe yamefungwa kwa ufunguo wa akaunti ya zamani, na kunakili fishi zake hakusaidii kitu. Kwa barua-pepe ya koperative hiyo ilikuwa shida kubwa: hakuna hata mmoja wetu aliyejua neno lake la siri. Miaka yote mashine ndiyo iliyokuwa inajua. Ili kulibadilisha, kodi inatumwa kwenye namba ya simu, na namba iliyoandikwa ni ya yule sekretere wa zamani, ambaye sasa anaishi Kolwezi.

Mtu anaweza kuuliza: na kama ordinatere haikufungulii hata nyumba ya kuazima, inakataa kabisa? Inatokea. Kama mashine ina akaunti ya pili yenye uwezo wa "Administrateur", ingia kwa hiyo na fanya kazi hii hii. Kama haina, diske inaweza kutolewa na kuunganishwa kwenye ordinatere nyingine, na fishi zikasomwa kutoka nje, ila kama diske ilikuwa imefungwa kwa kodi mtaombwa hiyo kodi. Hiyo ni kazi ya fundi. Mwambieni tena lile neno: nakili kwanza.

Tulipokwisha hakikisha nakala mbili, moja kwenye DEPO na moja kwenye flashi, tulipima diske yenyewe. Unabonyeza "Disque local (C:)" kwa kulia, "Propriétés", "Outils", halafu "Vérifier". Haikuonyesha kosa. Ingeonyesha makosa mengi ningeshauri kununua diske mpya kabla ya msimu wa B, kwa maana profili inayoharibika mara kwa mara inaweza kuwa dalili ya diske inayokufa.

Ilikuwa inakaribia saa kumi. Watu walikuwa wamechoka na jua, lakini hakuna aliyekwenda. Papa Prezida alitoa ordinatere nje, akaiweka juu ya magunia, akasema kila mwenye mashaka apite aone mstari wake. Walipita wengi. Yule papa wa asubuhi alikuja wa mwisho. Mama Sekretere alimtafutia jina lake, akamsomea: mbegu, mfuko mmoja wa NPK, urea, amelipa gunia moja, amebakiza mawili. Papa aliweka kidole juu ya ekrani, akafuata mstari polepole mpaka mwisho.

"Iko vile," alisema. "Benye kuleta moya, beko beye. Mbili ingali kwangu." Akageuka kwenda kufungua gunia lake ili lipimwe. Mama Sekretere alimwambia "Wafwako, Papa," naye akajibu kwa mkono bila kugeuka.

Tangu siku ile tumefanya mabadiliko kidogo. Kuna akaunti ya pili kwenye mashine, haifanyi kazi yoyote, inangoja tu siku ya taabu. Maneno ya siri ya akaunti zote mbili yako ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye kese ya mweka hazina. Kila siku ya Posho jioni Mama Sekretere ananakili "Documents" kwenye flashi mbili: moja inabaki biro, nyingine inalala nyumbani kwa mweka hazina, kwa sababu mwizi au moto havichagui. Nilipendekeza pia waandike tarehe kwenye kila dosie, lakini hilo bado linasahauliwa. Mwezi mara moja anatoa fishi ya madeni kwenye karatasi, komite inaweka sini, na karatasi inapigwa ukutani ndani ya depo. Batri mpya ya ordinatere iliagizwa kutoka Lubumbashi, na kama mnajua gari-moshi letu mnajua kwamba tungali tunaingoja.

Nyumba ya zamani hatujaifuta. Rafiki yangu alisema tuiache msimu mzima, kwa maana daima kuna fishi moja ambayo mtu ataikumbuka baadaye. Alikuwa na haki: juma lililopita Papa Prezida aliuliza barua ya mwaka jana kwa mnunuzi wa Mbuji-Mayi, na tuliikuta kule, ndani ya dosie ambayo hatukuihamisha. Kilichobaki ni barua-pepe. Sekretere wa zamani ameahidi kuiweka ile kadi ya simu ndani ya telefone siku ya kwanza akiipata kwenye sanduku lake, na tunampigia kila siku ya Tatu.